Momenti si Wakati



Makala hii tumeiandika watu watano. Wawili wetu wanasoma fizikia, mmoja kemia, mmoja uhandisi na mmoja famasia. Sote tumekulia hapa Uingereza, na sote Kiswahili tulikipata nyumbani kabla ya kukipata darasani. Wawili ni wa wazazi wa Mombasa, mmoja wa Unguja, mmoja wa Dar es Salaam, na mmoja wa Bukavu, ambaye Kiswahili chake hutuchekesha na chetu humchekesha yeye. Tunasema "sisi" kwa sababu jambo lenyewe lilitupata sote, ingawa aliyeumia kwanza alikuwa mmoja.

Mwezi wa Novemba mwenzetu mmoja wa fizikia alifeli jaribio la umeme na sumaku. Alipata alama 31 kwa 100. Hakumwambia mtu. Sisi wenyewe tulijua baada ya wiki mbili, pale alipoanza kuulizia namna ya kubadilisha somo.

Baba yake ni dereva wa basi, zamu ya usiku. Kila Ijumaa kabla ya kuingia kazini humpigia simu mwanawe. Mazungumzo yao yana mpangilio wake: salamu, habari za mama, habari za ndugu, umekula nini, baridi huko ikoje. Mwisho huja swali, "Masomo je, baba?" na jibu, "Yanakwenda vizuri." Ijumaa moja baba aliongeza swali ambalo hakuwa na kawaida ya kuliuliza: "Hivi sasa mnasoma nini hasa?"

Mwenzetu alifungua mdomo, na kila neno lililomjia lilikuwa la Kiingereza. Baba yake Kiingereza anakijua. Kwa miaka 20 amewahudumia abiria kwa lugha hiyo. Lakini hicho ni Kiingereza cha kazini, na kwa mwanawe hajakitumia hata siku moja. Basi mwenzetu akajibu, "Umeme tu, baba." Baba akauliza, "Umeme huu wa kuwasha taa?" Akajibu, "Hapana, mwingine." Kimya kikapita. Kisha baba akasema, "Haya, Mungu akusaidie," wakaagana.

Alipotusimulia, hakuna aliyecheka. Kila mmoja wetu aliikumbuka simu yake mwenyewe. Kiswahili chetu kinajua kupokea wageni, kuomba radhi, kuagiza chai na kuwakemea wadogo zetu. Kikifika mlango wa maktaba hubaki nje. Wazazi wetu wanakesha kazini ili tusome, na sisi hatuwezi kuwaambia tunasoma nini.

Jioni ya Kiswahili ya klabu ilikuwa imepangwa Februari, nanyi mliohudhuria mnakumbuka kwamba safari hii wazazi walialikwa. Mwalimu wetu alitupa dakika 20 na sharti moja: tueleze kitu tunachokisoma, kwa Kiswahili, bila kukimbilia Kiingereza. Tulidhani mwenzetu angependekeza kitu chepesi. Alipendekeza lile swali lililomwangusha, nalo lilihusu momenti ya dipoli ya chaji za umeme.

Neno lenyewe

Tulikutana nyumbani kwa nyanya wa mmoja wetu, kwa kuwa ana jiko kubwa na hawezi kuona watu watano wamekaa na njaa. Mwenzetu wa Dar es Salaam, ambaye kwake nyanya ni ya kwenye kachumbari, alichukua muda kuzoea kwamba kwa watu wa Mombasa nyanya ndiye bibi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kamusi. Tulitafuta neno la Kiingereza tulilolizoea, na kamusi ikatupa "wakati", "kitambo", "dakika". Mmoja wetu akaandika kwenye daftari: "wakati wa ncha mbili". Tukausoma kwa sauti. Ulisikika kama jina la tamthilia ya runinga.

Aliyetuokoa ni mwenzetu wa uhandisi. "Ukifungua nati ya gurudumu kwa spana fupi," alisema, "utatoka jasho. Kwa spana ndefu inalegea, ingawa mkono ni ule ule. Kinachoizungusha nati si nguvu peke yake. Ni nguvu ikizidishwa na umbali. Hiyo ndiyo momenti, na haina uhusiano na saa." Tangu hapo hiyo ikawa kauli yetu: momenti si wakati. Momenti ni kitu kikizidishwa na umbali wake kutoka mahali tulipochagua kupimia.

Ukishalishika hilo, mengine yanafuata. Chaji za umeme ni za aina mbili, chanya na hasi. Ndani ya atomu, protoni zilizo katika kiini ni chanya, na elektroni zinazokizunguka ni hasi. Chukua chaji moja, izidishe na umbali wake kutoka mahali unapopimia. Fanya hivyo kwa kila chaji iliyopo, ukikumbuka kwamba chaji hasi inaingia katika hesabu na alama ya kutoa. Kisha jumlisha. Jumla hiyo ndiyo momenti ya dipoli ya kundi zima la chaji.

Kwa kuwa umbali una upande unaoelekea, jumla nayo ina upande. Ni mshale. Kukiwa na chaji mbili tu, moja chanya na moja hasi zenye ukubwa sawa, mshale unatoka kwenye hasi kwenda kwenye chanya. Hapo mwenzetu wa kemia alipinga, kwani baadhi ya vitabu vyake huuchora kinyume, kutoka chanya kwenda hasi. Wafizikia walikuwa wawili na mkemia mmoja, kwa hiyo tulipiga kura.

Mzega

Wakati wote huo Nyanya alikuwa akikanda unga wa mahamri na kutusikiliza. Mwisho akauliza, "Kwani mwagombania nini, wajukuu zangu?"

Tulimweleza kadiri tulivyoweza. Fikiria kijiti kifupi kisichoonekana, huku kuna chaji chanya, huku kuna chaji hasi. Vitu viwili vinavyotenganishwa na umbali mdogo. Hicho tunakiita dipoli. Bila kuinua uso kwenye unga alisema, "Mzega."

Hatukulijua neno hilo. Akatueleza kwamba alipokuwa mtoto Mombasa, wauza maji walipita vichochoroni na mti begani, debe la maji mbele na debe nyuma. Mti pamoja na mizigo yake miwili ndio mzega. Sisi tulikuwa tumemaliza nusu saa tukitafuta kwenye simu neno la kitu ambacho yeye alikiona kila asubuhi akienda chuoni.

Tuliupenda mfano ule mpaka tukakaribia kuuharibu. Mzega wa maji una mizigo miwili inayovuta upande mmoja, chini. Dipoli si hivyo, maana ncha zake zinapingana. Ukiiweka kwenye uga wa umeme, yaani mahali ambapo chaji yoyote inasukumwa, ncha chanya inasukumwa huku na ncha hasi kule. Tukamwambia Nyanya afikirie mzega wenye debe upande mmoja, na upande wa pili puto kubwa linalovuta kwenda juu kwa nguvu ile ile. Mchukuzi atahisi nini?

Alifikiri kidogo. "Uzito hatauhisi," alisema, "lakini huo mti utampindukia."

Ndivyo ilivyo. Katika uga ulio sawa kila mahali, dipoli haivutwi kwenda popote. Inazungushwa tu, mpaka mshale wake ulale sambamba na uga. Na kadiri momenti yake ilivyo kubwa, ndivyo inavyozungushwa kwa nguvu zaidi. Tuliandika hayo kwenye daftari kwa maneno yake, "mti utampindukia", na hatukuyabadilisha mpaka siku ya kusimama mbele yenu.

Kisha akauliza mzega wetu una uzito gani. Kipimo kinachotumiwa kwa molekuli kinaitwa debye, kwa jina la Peter Debye, mwanasayansi aliyezaliwa Maastricht, Uholanzi, mwaka 1884, akapata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1936, ambayo kwa sehemu ilitokana na kazi yake kuhusu momenti hizi. Nyanya alisikia "debe". Tulijaribu kumsahihisha, kisha tukaacha. Mzega unapimwa kwa madebe, ubaya uko wapi?

Ila debe hili ni dogo mno. Ukichukua protoni moja na elektroni moja, ukazitenganisha kwa nanomita 0.1, ambayo ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita, unapata debye 4.8. Molekuli ya maji, ikiwa peke yake katika mvuke, ina debye 1.85.

Maji, chumvi na sambusa

Mwenzetu wa famasia alisema kwamba tukiwaeleza wazazi habari za molekuli bila kuwaonyesha kitu wanachokishika mikononi, watatupigia makofi ya heshima na kwenda nyumbani. Basi tukabaki jikoni.

Katika maji, oksijeni inavutia elektroni kwake kuliko hidrojeni. Kwa hiyo upande wa oksijeni unakuwa hasi kidogo, na hidrojeni zinabaki chanya kidogo. Kila kiungo kati ya oksijeni na hidrojeni ni mzega mdogo wenye mshale wake. Molekuli hii haijanyooka, kwani viungo vyake viwili vimefanya pembe ya nyuzi 104.5. Mishale miwili ikijumlishwa haifutani, na ndipo inapotoka ile 1.85. Dioksidi ya kaboni nayo ina oksijeni mbili zinazovuta, tena kwa nguvu, lakini imenyooka kama rula, oksijeni moja huku na nyingine huku, na kaboni katikati. Mishale inafutana. Momenti yake ni sifuri. Viungo peke yake havitoshi kukupa jibu, lazima ujue na umbo.

Ukitia chumvi kwenye maji, molekuli za maji huizingira. Penye sodiamu, ambayo ni chanya, hugeuza upande wa oksijeni. Penye kloridi, ambayo ni hasi, hugeuza upande wa hidrojeni. Chumvi inabebwa chembe kwa chembe mpaka huioni. Mafuta ya kupikia hayana mishale ya maana ya kushikwa, na molekuli za maji hupendelea kushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo mafuta huachwa yaelee.

Halafu kuna maikrowevu. Ndani yake kuna uga wa umeme unaokwenda na kurudi mara bilioni 2.45 kwa sekunde. Mizega ya maji iliyomo kwenye chakula hujaribu kuugeukia, inakosa nafasi, inasukumana na majirani, na msukumano huo ndio joto. Katika barafu molekuli zimefungana na haziwezi kugeuka kwa uhuru. Ndiyo sababu sambusa iliyotoka kwenye friza hupata moto pembeni, palipoanza kuyeyuka, na kubaki jiwe katikati. Nyanya, ambaye hajawahi kuiamini maikrowevu, alisema alijua tangu mwanzo kwamba mashine ile ina upendeleo.

Maharage na choroko

Likabaki swali lenyewe la jaribio. Mwenzetu alikuwa hataki kulifungua. Alisema yeye anajua kanuni, tatizo lilikuwa haraka. Tukamwambia atueleze hiyo kanuni kwa Kiswahili, basi. Akasema: "Momenti ya dipoli haibadiliki ukibadilisha mahali pa kupimia." Tukamuuliza kwa nini. Hakuwa na jibu. Na kusema kweli, kati yetu sote wanne hakuna aliyekuwa nalo. Kanuni hiyo tuliikariri kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza ilitiririka vizuri hata hatukuona kwamba hatuielewi.

Sakafu ya jiko la Nyanya ina vigae vya mraba. Tukavihesabu kuanzia mlangoni: sifuri, moja, mbili, tatu. Tukachukua maharage yawe chaji chanya na choroko ziwe chaji hasi. (Nyanya huziita pojo, na mwenzetu wa Bukavu husema maharagi, kwa hiyo na hapo palikuwa na mjadala.) Tukaweka choroko 2 kwenye kigae cha 1 na maharage 2 kwenye kigae cha 3.

Hesabu kutoka mlangoni: maharage 2 mara 3 ni 6, choroko 2 mara 1 ni 2, nazo ni za kutoa. Jibu ni 4.

Sasa hamisha mahali pa kupimia mpaka kigae cha 1. Maharage yako umbali wa 2, choroko ziko umbali wa sifuri. Maharage 2 mara 2 ni 4, toa sifuri. Jibu ni 4 tena. Tulihamia kigae cha 5, tukahamia chini ya meza. Jibu lilikuwa 4 kila mara. Na kwa kuwa tulikuwa tumepiga magoti tukitazama, sababu tuliiona: ukisogea hatua moja, kila harage linapoteza hatua moja na kila choroko inapoteza hatua moja vilevile. Idadi yao ni sawa, kwa hiyo kinachopungua upande huu kinarudishwa na upande ule.

"Idadi yao ni sawa," mwenzetu alirudia. Akanyamaza. Kisha akachukua harage la tatu na kuliweka kwenye kigae cha 3, pamoja na yale mawili.

Kutoka mlangoni: 3 mara 3 ni 9, toa 2. Jibu ni 7. Kutoka kigae cha 1: 3 mara 2 ni 6, toa sifuri. Jibu ni 6. Limebadilika. Kutoka kigae cha 7, maharage yako hatua 4 nyuma na choroko hatua 6 nyuma: 12 za hasi na 12 za chanya. Jibu ni sifuri. Chaji ni zile zile, hakuna iliyosogea, lakini momenti ni 7, au 6, au hakuna kabisa, kulingana na mahali uliposimama.

Swali la jaribio lilikuwa na chaji ambazo jumla yake si sifuri. Yeye aliandika kwamba jibu ni lile lile kwa sehemu zote mbili za swali, akapita. Kanuni aliyoikariri ni ya kweli, ila ina sharti: jumla ya chaji iwe sifuri. Molekuli ya maji inatimiza sharti hilo, na ndiyo maana tunaweza kusema "debye 1.85" bila kutaja tumepimia wapi. Kwa ioni, ambayo ina chaji iliyozidi au iliyopungua, namba peke yake haina maana. Mkemia wetu alieleza kwamba kwa ioni ni lazima kutaja mahali pa kupimia, na mara nyingi watu huchagua kitovu cha masi yake.

Nyanya alikuwa ameacha mahamri yake. "Kwa hivyo," alisema, "kabla hujasema ni ngapi, sema kwanza umesimama wapi."

Mahali pale pa kupimia tulihitaji kupapa jina moja. Wengine walitaka "chanzo", wengine "mwanzo", na waliobaki walitaka "asili". Asili ilishinda, na mtaelewa kwa nini tulinyamaza kidogo baada ya kura ile. Sisi ni watu tunaoulizwa asili yetu kila wiki, hapa kwa Kiingereza na likizo kwa Kiswahili, na kila mahali jibu letu huonekana lina kasoro. Mmoja wetu aliandika aya nzima akitufananisha na lile harage la tatu. Mwalimu wetu alipoipitia rasimu aliandika pembeni: "Fizikia haikuulizwa swali hilo." Aya tumeiondoa. Ila maneno ya Nyanya tumeyaacha, maana yanafaa kwa maharage na kwa watu.

Jioni yenyewe

Mlikuwapo, kwa hiyo hatutasimulia yote. Baba wa mwenzetu alikuja amevaa sare ya kazi, kwa kuwa zamu yake ilianza saa nne usiku. Alikaa safu ya nyuma karibu na mlango.

Hatukuwa tumepanga mwenzetu aanze vile alivyoanza. Tulipanga aanze na spana. Alisimama, akaamkia, kisha akasema: "Hili ni swali nililofeli mwezi wa Novemba. Nilipata alama 31. Leo nitajaribu tena mbele yenu." Sisi wanne tuliokuwa tumeshika vibao vya maharage na choroko hatukujua tutazame wapi. Hatukumtazama baba.

Alieleza vizuri. Aliteleza mara moja tu, akasema neno la Kiingereza badala ya "uga", na mama mmoja wa safu ya mbele akamrudisha kwa sauti, "Uga!" Alipofika kwenye harage la tatu ukumbi ulikuwa kimya.

Ulipofika wakati wa maswali, mkono wa kwanza kuinuliwa ulikuwa wa yule dereva. Alisema: "Maharage yanahesabika. Sasa, ikiwa ni unga? Umemwagika mezani, hapa mwingi, pale kidogo. Hapo utazidisha nini na nini?"

Tunataka msomaji ajue kwamba hilo ndilo swali la wiki ya pili ya somo letu, na hakuna aliyemfundisha kuliuliza. Katika molekuli halisi elektroni hazikai kama maharage. Zimetandazwa kama wingu, zito mahali fulani na jepesi kwingine. Mwenzetu alimjibu: "Unaugawa unga kwa vijiko vidogo, baba. Kila kijiko unakizidisha na umbali wake, kisha unajumlisha vyote. Na kadiri kijiko kinavyokuwa kidogo, ndivyo jibu linavyokuwa sahihi." Kazi hiyo ya kujumlisha vijiko vidogo kupita kiasi tunaiita intigrali, na muhula mzima tulikuwa tumeiogopa.

Mwenzetu wa kemia akaongeza mfano. Katika kloridi ya hidrojeni atomu mbili ziko umbali wa nanomita 0.127. Kama klorini ingeinyang'anya hidrojeni elektroni nzima, momenti ingekuwa karibu debye 6.1. Iliyopimwa ni 1.08 tu, kiasi cha asilimia 18 ya hiyo. Maana yake elektroni haijanyang'anywa. Wingu limesogea upande mmoja, basi. Namba moja iliyopimwa kutoka nje inatuambia unga umeegemea wapi ndani. Baba alitikisa kichwa kukubali, akatazama saa, akatoka kwenda kazini.

Ijumaa iliyofuata alipiga simu kama kawaida. Salamu, habari za mama, habari za ndugu. Kisha akasema, "Kumbe ulifeli."

"Ndiyo, baba."

"Mbona hukuniambia?"

"Sikujua niseme vipi."

"Ungesema tu 'nimefeli'. Hilo lina Kiswahili."

Mwenzetu alipotusimulia, safari hii tulicheka, na yeye alicheka zaidi yetu. Lakini tulibaki na neno lile. Tulikuwa tumejiambia kwamba kimya chetu nyumbani kinatokana na upungufu wa istilahi. Ni kweli istilahi zilipungua, na baadhi ya tulizozitumia hapa walimu wetu watazisahihisha, nasi tutashukuru. Lakini "nimefeli" haikuhitaji kamusi. Wala "sielewi". Wala "nieleze wewe, Nyanya, kitu hiki kwenu mlikiitaje". Tulijificha nyuma ya istilahi kama vile tulivyojificha nyuma ya kanuni tuliyoikariri.

Mwenzetu hajabadilisha somo. Mtihani wa mwisho ameupita, si kwa kishindo, ila ameupita, na swali la dipoli lilikuwamo. Baba yake sasa ana swali jipya kila Ijumaa. Haulizi tena kama masomo yanakwenda vizuri. Anauliza, "Wiki hii mzega gani?" Na kuna wiki ambazo jibu ni, "Wiki hii, baba, hata mimi sijaelewa," na wanaendelea kuzungumza.

Muhula ujao tunataka kujaribu sumaku. Tutakutana Alhamisi, jikoni kwa Nyanya, na amesema atakayekuja aje na unga wake. Karibuni.